Kitasa Kilichowekwa Chini

Habari ilinifikia sokoni Nachingwea, kwa mtu aliyekuwa akipakia magunia ya ufuta: yule fundi seremala wa Narung'ombe amefariki, na maziko ni alasiri hiyo hiyo kwao. Aliisema kama habari nyingine za soko, maana hakujua lolote lililopita kati yangu na marehemu. Mimi nilisimama pale na pakiti yangu ya chumvi mkononi, nikahisi uso unawaka. Ninyi mnaonisoma katika safu hii mmenizoea kwa kuwasema watu, na sijawahi kuwaonea huruma madiwani wala wauza nyama. Leo najisema mwenyewe. Jambo hili nimelificha tangu nilipokuwa kijana wa kupiga suruali pasi ya mkaa mara mbili kwa siku.

Nilimfahamu mwishoni mwa miaka ya arobaini, wakati Nachingwea ilipojaa matrekta na Wazungu wa mradi wa kulima karanga, na nyumba zao zikawa zinaota kila upande. Yeye alikuwa miongoni mwa mafundi wa milango ya ndani, nami nilikuwa karani wa stoo niliyewagawia vifaa. Wengi wao walijua bawaba na komeo tu. Vile vitasa vya mkono, ambavyo ukibonyeza chini mlango unafunguka, vilikuwa vigeni kwetu sote, lakini yeye alivipenda kuliko wenzake. Alichimba nafasi ya kitasa kwa patasi bila haraka, akatoboa kwa keekee, akapitisha kile chuma cha pembe nne kinachounganisha mkono wa huku na wa kule, kisha akapaka kila skrubu sabuni ya kufulia kabla ya kuikaza, ili mbao isipasuke. Akimaliza, alijaza karai maji, akalibeba kwa mikono miwili, akauendea mlango na kuufungua kwa kiwiko. Maji yakimwagika, alifungua skrubu zote akaanza upya. Msimamizi wake alimcheka siku ya kwanza, na baada ya wiki mbili alikuwa akiwaleta mafundi wengine wamtazame. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa nyumba isiyo yake. Akanijibu, "Karani, mlango unafunguliwa na mtu. Sasa huyo mtu ana mikono gani, si lazima nijue?" Niliona ni maneno ya fundi anayejikweza, nikarudi kwenye daftari langu.

Karanga hazikukubali, matrekta yakaondoka, na vifaa vilivyobaki vikauzwa kwa yeyote aliyevitaka. Mimi nilipata kazi katika ofisi nyingine, nikajenga nyumba ya matofali mabichi na bati, na milango miwili ya ndani niliitaka iwe na vitasa vya mkono kama ile niliyoiona kwa Wazungu. Hapo nilikuwa nimemleta mama yangu kutoka Matambarale. Mabega yake yote mawili yalikuwa yamekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, mikono haikupanda kupita kiuno, na vidole havikukunjika vizuri. Nikamwita fundi. Alipofika hakutoa futi yake, alimwita mama.

"Mama, hebu simama hapa. Peleka mkono kama unataka kufungua."

"Mkono wenyewe ndio huu, baba. Haupandi."

"Usiupandishe. Unapofika, hapo hapo."

Akaweka alama ya penseli pale ulipofika mgongo wa kiganja chake. Kitasa cha chumba cha mama kikakaa chini, karibu na usawa wa mapaja ya mtu mzima. Mama alikibonyeza kwa kifundo cha mkono, mlango ukafunguka, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afariki. Mimi nilikuwepo. Niliona kila kitu na nikasema sawa. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Sikukuu ya Idi niliwaalika wakubwa wangu wa ofisini wale pilau kwangu, na fundi naye nilimwalika. Mmoja wa wageni alikuwa ndiye anayechagua mafundi wa nyumba ya wageni iliyokuwa ikijengwa Ruangwa, kazi ya milango kumi na zaidi, na mji mzima ulijua kwamba fundi wangu anaingojea. Tukiwa tunanawa mikono, bwana yule akauona mlango wa mama. "Karani," akasema, "kitasa hiki umewawekea mbuzi?" Wote wakaangua kicheko. Mama alikuwa ameketi mkekani, hatua tatu kutoka hapo. Ningeweza kusema, ni cha mama yangu, mikono yake haipandi. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Lakini niliona nyumba yangu mpya inachekwa, nikaona mama yangu na mikono yake mbele ya watu waliovaa tai, nikamwonea haya. Nikasema, "Ni kazi ya fundi huyu. Hawa wa vijijini futi hawaijui, wanakisia tu."

Bwana akamgeukia. "Fundi, ulipima au ulikisia?"

Fundi alimtazama mama, akanitazama mimi, akaweka chini bakuli lake.

"Nilikosea, bwana. Kesho nitakipandisha."

Kesho yake alikuja akakipandisha hadi usawa wa kifua, akaziba tundu la zamani kwa kipande cha mninga na kulipiga msasa mpaka usingejua. Hakunilaumu hata kwa jicho. Kazi ya Ruangwa akapewa mtu mwingine, na maneno yangu ya futi yakazunguka vijiweni hata ofisi zote zikaacha kumwita. Alirudi Narung'ombe kuchonga vitanda na mipini ya majembe. Na mama? Ikawa kila anapotaka kutoka chumbani ananiita, "Mwanangu, nifungulie." Nikiwa kazini, alikuwa anangoja. Kabla mvua hazijaanza alisema amekumbuka shamba lake, akarudi Matambarale. Mikono ile ingelima nini? Sikumwuliza.

Kwa miaka yote hiyo nilijidanganya kwamba fundi alikubali kosa kwa sababu aliniogopa, mimi karani. Ilinifariji kidogo kumwona mwoga. Basi alasiri ile ya maziko nikafika makaburini, na baada ya dua shehe akasema, kama ilivyo desturi, kwamba marehemu aliishi na watu, aliyekosewa naye amsamehe. Wote wakaitika, "Tumemsamehe." Nami nikaitika. Nikamsamehe mtu ambaye hajawahi kunikosea, mbele ya watu, kwa sauti safi, na hakuna aliyeuliza kama sisi tulio hai tuna la kumwomba yeye.

Siku ya tatu nilirudi kumpa pole mjane, aliyekuwa ndani, nyuma ya pazia, mwanawe akiwa ameketi nami. Nikamwambia mjane yote, kuanzia alama ya penseli hadi pilau. Akasema kutoka nyuma ya pazia, "Tunayajua, karani. Alinisimulia jioni ile ile. Nikamwambia, we mwanamume, kwa nini hukusema ni mkono wa yule mama? Akaniambia, ningesema, mama wa watu angejua mwanawe anamwonea haya. Bora adhani ni mimi niliyekosea kipimo."

Fundi aliiacha milango ya Ruangwa na jina lake la ufundi ili mama yangu asinijue nilivyo. Tangu nitoke pale nimejifunza jambo moja, nalo nimelijua nikiwa nimechelewa: heshima niliyokuwa nikiilinda mbele ya wageni ilikuwa yangu peke yangu, na walioilipia ni wawili ambao hawakuwa na kosa. Kama nawe una mtu uliyemsingizia, na bado anapumua, mwendee leo akutazame usoni. Mjane sikuthubutu kumwomba msamaha. Angenipa, na haukuwa wake kunipa. Ninachoweza ni kuandika hapa, ili mliosikia vijiweni maneno yangu msikie na haya: fundi alipima. Alipima sawasawa.