Bwana Harusi Aliyenyolewa Nusu

Juma lililopita mafundi walifunga paneli za sola juu ya nyumba yetu hapa Quakers Hill, ughaibuni. Nilipotazama mtaa, karibu kila paa lilikuwa nazo, nami nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa kinyozi kijijini kwetu. Mashine yake ilitegemea paneli moja iliyoegemezwa kwenye kiti uani, na haikuwa na betri. Mimi, binti yake mdogo, hayo sikuyaelewa. Nilichojua ni kwamba jua likiwa kali tulihamishia kila kitu kivulini: ndama, vifaranga, mkeka aliokalia nyanya. Mchana mmoja niliigusa paneli ikaniunguza vidole. Nikaihurumia, nikaiburuta hadi kivulini.

Ndani, mashine ilinyamaza. Aliyekaa kitini alikuwa bwana harusi, amenyolewa upande mmoja tu, na nyimbo za kwaya zilishasikika kutoka kanisani.

"Bibi harusi atanikataa," alisema.

"Atachagua upande anaoupenda," mpambe wake akamjibu.

Baba alitoka, akachuchumaa kando yangu akinukia poda na spiriti.

"Mama, hii haichoshwi na jua. Mwanga ndio chakula chake."

Niliinyanyua kwa mikono miwili nikaielekeza juani. Mashine ikanguruma. Nilisimama hivyo hadi bwana harusi akatoka na kichwa kinachong'aa, akampa baba mkono kumshukuru.

"Mimi nimeshika mashine tu," baba akamwambia. "Aliyekunyoa ni huyu binti."