Jukwaa Lililopimwa kwa Magunia

Sisi tuliokulia Ngonga miaka ile sabuni iliporudi madukani tuliona mambo mengi ya kushangaza kwa muda mfupi. Mwaka mmoja tulikuwa tunafulia sare za shule kwa majani ya mpapai, mwaka uliofuata duka la Mzee Shebe pale Kyela mjini lilikuwa na sabuni za rangi tatu, khanga mpya, betri na redio kaseti iliyoimba kutwa nzima mlangoni bila mtu kuisimamia. Tulitembea kutoka Ngonga hadi mjini kwa miguu ili tu kuitazama. Nikiwasimulia hivyo vijana wa leo wanaguna, maana wao hata maji ya kunywa wanaagiza kwa simu wakiwa wamekaa hatua kumi kutoka kwenye mtungi.

Nakumbuka harufu ya mpunga mbichi ukianikwa barabarani, na usipa wa kukaanga ambao mama aliugawa kwa kuhesabu, samaki watano kila mtoto. Nakumbuka mashamba yakikauka baada ya mavuno, udongo ukipasuka mpaka mguu unazama kwenye ufa, nasi tukicheza rede humo mpaka jua linazama. Shuleni nilifika darasa la sita tu. Sikufukuzwa wala sikuwa mjinga. Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu kilichopo nje ya dirisha, na mwalimu wetu alikuwa na ugonjwa wa kufunga dirisha.

Jambo moja la enzi zile lazima nilieleze, kwa sababu watoto wa mjini hawalijui. Kwetu Wanyakyusa mke wa kijana hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Tuliita kutila. Akimwona anakuja njiani, anaiacha njia, anaingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Hamwangalii, hazungumzi naye, hata jina lake halitaji. Wifi yangu Subilaga, mke wa kaka, aliishi hatua thelathini kutoka nyumba yetu, na sidhani kama alijua baba yangu ana sura gani. Baba akitaka kumwambia kitu, alinituma mimi. Wifi akitaka kujibu, alinituma mimi. Watoto ndio tulikuwa simu za zamani, tena tulikuwa hatuishiwi chaji.

Baba yangu, Fundi Ambakisye, alikuwa seremala. Sifa yake kubwa ilikuwa vichanja, zile meza ndefu za miti wanazoanikia kokoa kule Makwale. Mwaka huo Mzee Shebe alikuja kwetu na baiskeli mpya. Babu zake walitoka pwani, naye alizungumza Kiswahili kitamu kilichotufanya tufiche chetu. Alisema biashara sasa ni huria, kila mtu anauza, kwa hiyo anayetaka kuuza lazima aonekane. Akataka kuandaa siku ya ngoma pale uwanja wa Ngonga, kikundi cha Mzee Anganile kicheze, watu wajae, na khanga za duka lake zionekane. Ila wachezaji wasicheze chini. Wacheze juu, ili hata aliye nyuma kabisa aone.

Ngoma yetu tangu zamani inachezwa ardhini. Wanaume wanavaa nyeupe, wanabeba ngoma kubwa, wanazunguka, kisha wanaruka wote kwa pamoja na kutua kwa pamoja mpaka unasikia tumboni. Kuwaweka watu hao juu ya mbao lilikuwa wazo geni. Kisha Mzee Shebe akaongeza sharti la pili. Mbao ni zake, zimetoka Tukuyu, na ngoma ikiisha zitarudi dukani kuuzwa. Zisikatwekatwe wala zisijae misumari.

Baba alichora jukwaa kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, na mama alikatazwa kuufuta wiki nzima. Nguzo kumi na mbili za mkaratusi, zimesimama wima, urefu unaofika begani kwa mtu mzima. Hakuzichimbia, kwa sababu udongo wa Ngonga juu ni mgumu kama kigae lakini ukichimba kidogo ni tope. Kila nguzo aliiweka juu ya kipande kipana cha ubao ili isizame. Juu yake mihimili, juu ya mihimili mbao, na kila kiungo akakifunga kwa kamba. Hakuna msumari, hakuna ubao uliokatwa. Nilimshangaa baba yangu siku zile. Kitu ambacho hakikuwepo asubuhi, jioni kilikuwa kimesimama uwanjani kama nyumba isiyo na kuta.

Kisha akalipima, na alilipima kama alivyopima vichanja vyote maishani mwake. Wachezaji walikuwa kumi na sita. Mtu mmoja ni gunia moja la mpunga, alisema, na ngoma yake tuihesabu gunia la pili. Yakapandishwa magunia thelathini na mawili. Akafunga uzi kutoka nguzo hadi nguzo chini ya sakafu, ili aone kama mbao zitapinda. Magunia yakalala juu siku mbili. Uzi haukuguswa. Watu walikuja kuangalia na kusema ndaga fijo, yaani asante sana, fundi, kama vile jukwaa ni lao.

Siku magunia yaliposhushwa, mchana, watu wazima walikwenda kula. Mimi, binamu yangu Tumpe na wasichana wengine watatu tukapanda, ingawa tulikuwa tumekatazwa. Tukacheza kama wanaume wale. Tulizunguka, tukaruka pamoja, tukatua pamoja. Mara ya kwanza lilitikisika kidogo, sikuamini miguu yangu. Mara ya pili jukwaa lote lilikwenda upande mmoja na kurudi, kama mtumbwi unapokanyagwa pembeni. Tumpe alijiuma ulimi. Tukashuka tukiwa tumepauka, na hapo hapo tukaapa kutosema.

Jioni ile sikuweza kula. Nilizunguka zunguka mpaka nikapata ujasiri wa nusu.

"Baba," nikasema, "lakini gunia halichezi."

"Halichezi," akanijibu, huku akitafuna. "Ndiyo maana ni zito kuliko mtu."

Mama akacheka. Nami nikaishia hapo, kwa sababu ili nieleze zaidi ilibidi niseme nimelijuaje.

Siku ya ngoma watu walikuja kutoka hadi Katumba Songwe. Mzee Shebe alikuwa amelizungushia jukwaa khanga mpya pande zote nne, zimening'inia mpaka chini, nguzo hazionekani. Mzee Anganile alipanda na filimbi yake mdomoni, akifuatwa na wanaume kumi na watano, wote wamevaa nyeupe. Uwanja ukapiga kelele. Hatukuwahi kuona miguu ya wazee ikiwa juu ya vichwa vyetu.

Nikaanza kumtafuta dada yangu Atupele. Alikuwa ameolewa na mtoto wa Mzee Anganile, na alikuwa na kichanga cha miezi mitano. Kwa kawaida, ngoma inapochezwa chini, wake za watoto husimama nyuma ya umati, wakwe wao hawaonekani, nao wanasikia na kufurahi. Niliangalia nyuma ya umati, hakuna mtu. Ndipo nikamwona mwanamke mmoja, kajitanda khanga mpaka machoni, akiinua pazia la jukwaa na kupotelea ndani.

Nilikwenda nikachungulia, nikaingia. Walikuwa sita. Dada Atupele na mtoto wake, wifi Subilaga, na wengine wanne, wote wake za watoto wa wachezaji au wa wazee waliokuwa uwanjani. Walikuwa wamekaa juu ya mikeka kwenye kivuli, wanacheka.

"Tungekwenda wapi?" dada akaniambia. "Mmewapandisha juu, wanaonekana mpaka Ipinda. Sasa huku sisi hatuwaoni, nao hawatuoni."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, si baba wala Mzee Shebe. Kwa kuwainua wakwe, walikuwa wamewanyima wake za watoto mahali popote pa kusimama isipokuwa chini yao.

Juu filimbi ikalia. Wakaanza kuzunguka, vumbi likadondoka kutoka kwenye mbao likatuingia machoni, wanawake wakacheka zaidi. Kisha wakaruka. Nguzo iliyokuwa mbele yangu ikainama kidogo, ikarudi. Nikatoka nje kwa kutambaa.

Baba alikuwa amesimama upande wa mbele, shati safi, mikono nyuma. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kwamba tulipanda, kwamba tuliruka, kwamba lilitikisika, na kwamba Atupele yuko chini na mtoto. Nilisubiri kofi. Halikuja. Alimwita Mzee Anganile kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, lakini kwa ngoma kumi na sita hata radi isingesikika. Akapunga mikono, wachezaji wakadhani anashangilia. Akazunguka nyuma mbio, akashika khanga ili aingie.

"Wifi Subi yumo," nikasema.

Mkono wake ukabaki pale pale, umeshika khanga. Alikuwa na binti yake mle ndani, na mjukuu wake, na mke wa mtoto wake ambaye hakuwahi kumtazama usoni. Msomaji wa leo atasema angeingia tu. Ni rahisi kusema.

"Ingia wewe," akaniambia. "Waambie watoke upande huu, mimi nageuka."

Nikaingia nikawaambia. Wakakataa. Nje kulikuwa na wakwe zao wengine wamekaa kwenye viti, na juu ya vichwa vyao wapo waliobaki. Wakati nawabembeleza, wachezaji wakaruka tena huko juu, na safari hii nguzo zote zilikwenda pamoja, kamba zikalia kama mlango wenye kutu. Kicheko kikakatika. Nikatoa kichwa nje, nikamweleza baba. Alikuwa amegeuka, anaongea na uwanja.

"Waambie washike nguzo," akasema. "Zile za pembeni. Wazikumbatie, wakanyage chini kwa nguvu, wasiache."

Dada akaniwekea mtoto mikononi. Wakasimama, wameinama chini ya mbao, kila mmoja akakumbatia nguzo. Wachezaji wakiruka, nguzo zinawavuta, nao wanazivuta kurudi. Niliona mishipa ya shingo ya wifi Subilaga. Niliona kucha za dada zikiingia kwenye gome. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu sauti ya mke wa mtoto haisikiki mbele ya mkwe, hata kama mkwe huyo amesimama juu ya kichwa chake. Walikuwa wamewabeba wanaume wale.

Kisha kamba iliyoshika khanga ikakatika, khanga za upande wa mbele zikaanguka zote.

Umati ulinyamaza kwa namna ambayo sijaiona tena popote, nami nimezunguka sana. Wanawake sita, wamekumbatia nguzo, mbele ya uwanja mzima, na juu yao wanaume wa mavazi meupe wakiendelea kupiga. Mama mmoja alijifunika uso. Ukimya ule ndio uliofika juu kabla ya kelele yoyote. Mzee Anganile akaona watu wote wanatazama chini ya miguu yake. Akasogea ukingoni, akaangalia khanga zilizolala ardhini, na nadhani aliona mkono wa dada yangu kwenye nguzo.

Akapuliza filimbi mara moja, kwa kirefu. Ngoma zikakatika. Kisha akageuka, akaupa uwanja mgongo, na wachezaji wote kumi na watano wakageuka naye. Wazee waliokuwa kwenye viti wakasimama mmoja mmoja, wakageuka. Baba alikuwa ameshageuka zamani. Wanaume wazima uwanja mzima walikuwa wameelekeza nyuso zao kwingine, na wanawake sita wakaachia nguzo, wakainua mikeka yao, wakapita katikati bila haraka, nami nyuma yao na mtoto.

Wachezaji wakashuka kwa nyuma, polepole, mmoja baada ya mwingine. Alipogusa ardhi wa mwisho, jukwaa likaegemea upande na kulala chini taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Mzee Shebe alishika kichwa chake, kisha akatuangalia mimi na mtoto niliyempakata, akakiachia.

Mzee Anganile akamfuata baba. "Ambakisye," akasema, "sisi si magunia."

"Binti yangu aliniambia," baba akajibu. "Sikumsikiliza."

Ngoma ilimaliziwa chini, kwenye udongo, na wake za watoto walisimama nyuma ya umati kama kawaida yao. Tangu siku hiyo kila alichojenga baba kilikuwa na mbao za mshazari za kuzuia kuyumba, kutoka kona hadi kona, hata banda la kuku.

Juzi nilikuwa Kyela mjini kwenye harusi. Jukwaa la mabomba ya chuma, taa za kuzunguka, spika kubwa kuliko jiko la mama. Baba mkwe na bibi harusi walicheza pamoja, wanatazamana, vijana wanawarekodi kwa simu na kuwapigia vigelegele. Sikuona ubaya. Bibi harusi alikuwa na furaha, na mkwe wake alimshika mkono asianguke kwenye ngazi. Nilipowasimulia vijana wa mezani kwangu habari ya jukwaa la Ngonga, wakacheka mpaka soda zikamwagika. Mmoja akaniuliza, "Sasa shangazi, si wangetoka tu?" Jibu lake ni refu, na wao wana muda wa majibu mafupi tu.

Kesho yake nikampelekea dada Atupele swali lile. Sasa naye ni mama mkwe, ana wajukuu tisa, na Mzee Anganile alishafariki. Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Maisha yake yote nilimpisha njia," akaniambia. "Mvua, jua, nina mzigo, nina mimba, niliingia majanini nikampisha. Siku ile alinipisha yeye. Hawa wa siku hizi wanatazamana kila siku, lakini waulize kama kuna siku mtu amewapisha."

Nikaenda kituoni kusubiri gari la kunirudisha Mbeya.