Ukuta wa Anatoli

Wavuvi wa dagaa wa Bangwe hufuata giza. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti samaki, mitumbwi hupandishwa mchangani, na wanaume hubaki nchi kavu wakitafuta pa kupoteza jioni. Ndiyo maana Anatoli alionesha sinema wakati wa mbalamwezi tu, wakati ambao mtu mwenye akili zake hawashi projekta nje. Picha ilififia kama kanga iliyofuliwa mno. Watu hawakujali. Waliegesha baiskeli, na miaka ilivyokwenda wakaegesha pikipiki, wakakaa juu yake wakiutazama ukuta wa mawe alioupaka chokaa. Macho yaliposhindwa, Anatoli aliwamalizia kwa kipaza sauti.

Alitafsiri kwa Kiswahili, akichomeka Kiha penye matusi. Wachina na Wahindi wote walizungumza kama watu wa Bangwe. Alikuwa na mwiko mmoja: kwenye ukuta wake hazami mtu. Watazamaji wake walikuwa wanarudi ziwani mwezi ukipungua, na humpeleki mtu majini ukiwa umemwonesha maiti ya maji. Mtu wa kwenye picha akizama, Anatoli alipaza sauti: "Huyo kapiga mbizi! Ataibukia ng'ambo!" Wavuvi wakashangilia. Kwa picha ile, nani angebisha?

Kisha zikaja simu, na filamu ndani yake zimeshatafsiriwa na watu wa mbali. Halafu ziwa likaanza kupanda. Lilimeza chanja za kuanikia dagaa, likameza mwalo wa zamani zilipotia nanga boti, likaingia jikoni kwa Anatoli. Mkewe, Spesiosa, aliyezaliwa na wakimbizi wa Burundi na kuhama mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia, alipata kiwanja Rusimbi, mbali na maji. Kilichokosekana ni mawe ya msingi.

"Mawe unayo, Baba Happiness," alisema. "Umeyasimamisha tu."

"Ule si mawe. Ule ni ukuta."

"Mara ya mwisho watu walikaa mbele yake lini?"

Anatoli aliomba mbalamwezi moja tu. Watu wakija, ukuta ubaki. Wasipokuja, ataubomoa kwa mkono wake.

"Ego," Spesiosa aliitikia ndiyo kwa lugha ya wazazi wake, akaenda kumtafutia mafuta ya jenereta.

Jioni ile maji yalikuwa yanalamba mguu wa ukuta. Anatoli alifunga spika, akajaribu sauti, akangoja. Pikipiki ya kwanza ikaja. Ikaja ya pili, kisha kundi zima, mpaka uwanja ukajaa kama zamani.

"Mzee Anatoli, shikamoo! Leo tunapewa nini?" aliuliza Bariki, dereva wa bodaboda aliyevaa koti la mvua usiku mkavu.

"Marahaba. Kaa, mwanangu, utaona!"

Anatoli aliweka filamu ya baharia aliyeachwa na wenzake. Alitafsiri kama mtu aliyefufuka. Vijana walicheka mara mbili, tatu. Alimtupia mkewe jicho la ushindi. Spesiosa, juu ya mkeka wake, akatazama chini.

"Mzee!" Bariki aliita. "Punguza sauti kidogo, hatusikii boti."

"Boti gani?"

"Ya abiria wa vijijini. Si mwalo wa zamani umezama? Kuanzia leo inashusha hapahapa kwako."

Muungurumo ukasikika ziwani. Pikipiki ziliwaka zote kwa pamoja, taa zao zikaupiga ukuta, na picha ikafutika kabisa. Vijana walishuka majini hadi magotini kugombea abiria. "Mama, njoo huku! Ujiji, Ujiji!" Punde si punde walikuwa wameondoka wote, na matairi yao yameacha mifereji inayojaa maji.

"Ulijua?" Anatoli aliuliza.

"Nilijua tangu juzi. Nilishindwa kukwambia."

Filamu ilikuwa inaendelea. Baharia alikuwa anapigana na mawimbi, mkono mmoja ukionekana, ukipotea. Kwa mazoea Anatoli aliinua kipaza sauti.

"Na huyo?" Spesiosa aliuliza, kama anayemsaidia kuanza. "Ataibukia ng'ambo?"

Hapakuwa tena na mvuvi wa kufichwa ukweli.

"Kafa," Anatoli alisema. "Wote wale niliosema wamepiga mbizi walikufa, mama. Hakuna niliyemtoa majini."

Akazima jenereta, akaenda kutafuta nyundo.