Nusu ya Mti wa Vitomir

Mpiga picha wa mtaa wa sokoni, mjini Kragujevac, hamuulizi mteja anataka pazia gani la kuchorwa nyuma yake. Humsimamisha mlangoni, hufinya jicho moja, hujikuna kidevu kwa kidole chenye madoa ya dawa za kusafishia picha, kisha hushusha analotaka yeye. Bwana harusi hupewa bustani, na mwenye majivuno ukuta mtupu, asije akashindana na maua. Ukibisha anaguna tu, kama farasi aliyewekewa nyasi mbovu. Lakini mjane Radojka alikuja na lake. Kwenye jiwe la kaburi, picha ya marehemu mumewe Vitomir iko peke yake, na kando yake pameachwa nafasi ya picha ya mke, apigwe angali hai, kama wanavyofanya wajane wote wa pale.

"Fundi, nataka pazia lile lile la Vitomir. Watu wasije wakasema tumetengana nyumba."

"La miaka ile, mama? Panya wamelila, wakashiba, wakazeeka!"

Akaguna, akaingia stoo, akatoka na vumbi kwenye nyusi na pazia lililochanika, lenye mti mmoja wa kuchora. Akaitazama picha ya Vitomir mkononi mwa mjane: ukingo wa picha umeukata mti huo huo nusu. Akasogeza kiti, akakirudisha, akakisogeza tena, mpaka nusu ya mti iliyobaki, ile ya kuungana na ya mumewe, ikamkaa Radojka begani.

"Mbona umenibana pembeni?"

"Tulia, mama. Huko kwingine ameshakaa mwenyewe."

Radojka akakusanya sketi yake taratibu, kama anayempisha mtu kwenye benchi.