Kaka Yangu Kwenye Bariere

Jirani amefungua gunia la mchele mpya kutoka Bwegera, na harufu yake imenirudisha juu ya lori, nikiwa na miaka kumi, nimekaa kwenye magunia kando ya kaka yangu, ambaye siku hizi namsikia kwenye simu tu. Tulikuwa tunarudi Uvira kutoka shambani kwa babu.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani cha kuingia mjini, polisi alituangalia wote wawili, kisha akamnyooshea kidole yeye peke yake.

"Weye, shuka! Iyo sura yako iko ya wageni, batu ba ngambo ya mupaka."

Kaka alichukua uso wa bibi, mwembamba, wenye pua ndefu; mimi nilifanana na baba. Kila safari alishushwa yeye. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza hata jina.

Siku hiyo nilishuka pia.

"Mutoto, panda," polisi akasema. "Hatuna shida na basichana."

"Ni kaka yangu. Mama yetu ni mumoja."

Nikaketi mavumbini karibu naye, na lori likaondoka. Jua lilituchoma mpaka alasiri, ndipo polisi akachoka kututazama, akatufukuza.

Tulitembea kando ya ziwa kuelekea nyumbani. Kaka alikuwa amefikia umri wa kuona haya kushikana mikono na dada yake, lakini alinishika. Kiganja chake kilikuwa na jasho, nami nilitamani ile njia isiishe.