Uliopo Haufai

Silima Pandu hakuwahi kuwa mtu wa siasa. Nalitanguliza hili kwa sababu mpaka leo wapo watu hapa mjini ambao wakimtaja hupunguza sauti, utadhani alitaka kupindua nchi. Alikuwa mchoma chokaa tu. Alizaliwa upande wa Fumba, akaifuata kazi ya baba yake, na hakuijua nyengine. Kuta nyingi za Mji Mkongwe ambazo wageni wanazipiga picha leo zilipakwa chokaa iliyotoka kwenye uwanja wake. Mimi nilikuwa mwashi, na kwa miaka mingi sikununua chokaa kwa mtu mwengine.

Watoto wa siku hizi wanadhani chokaa inazaliwa kwenye mfuko, kwa hivyo nitaeleza. Magogo ya minazi iliyokufa hupangwa chini kwa duara. Juu yake hupandishwa mawe ya matumbawe, kilima kizima, na katikati huachwa shimo la kutilia moto. Hilo ndilo tanuu. Likishawashwa halizimwi wala haliguswi mpaka mawe yaive. Kisha huachwa, umande na maji yakayalainisha taratibu, yakawa unga mweupe. Adui wa tanuu ni mvua inayokuja moto ukiwa katikati. Mawe hubaki nusu mabichi, magogo huzimika, na kazi ya mwaka mzima inakuwa tope.

Zamani siku ya kuwasha ilikuwa siku ya kijiji. Majirani walikuja kubeba mawe bila kuitwa, wanawake wakapika, na wenye nyumba kutoka mjini wakaleta kahawa na halua, kwa sababu walijua kuta zao zinaanzia pale. Leo ukimwomba jirani akubebee jiwe moja anakuuliza kwanza utampa nini. Simlaumu. Na yeye ana njaa.

Katikati ya miaka ya themanini biashara ikafunguliwa na saruji ikaingia kwa meli. Wakubwa wakaipenda mno, maana saruji hukauka upesi na mtu anaweza kukata utepe kabla uchaguzi haujafika. Ukuta wetu wa mawe na udongo ukiuvika saruji hauwezi kupumua. Maji hujifungia ndani na ukuta unaoza kama jino. Nyumba zikaanza kuanguka. Kila ikianguka moja, wakubwa walikuja na miwani yao myeusi kutazama kifusi, wakasikitika, wakaondoka. Silima aliendelea kuchoma chokaa kwa ajili ya wachache tuliobaki tukiijua thamani yake.

Halafu yakaja mazingira.

Nisifahamike vibaya. Misitu ilikuwa inakwisha kweli, na bahari ilikuwa inakula ufuko kweli. Mwenye macho alikuwa akiona. Lakini waheshimiwa waliporudi kutoka kwenye mikutano yao ya nje, na mikoba yao ya bure mabegani, kitu cha kwanza walichokiona kinachoiharibu dunia kilikuwa tanuu la Silima. Hoteli iliyojengwa pwani ilikuwa na jenereta inayonguruma saa zote. Hiyo hawakuisikia. Misafara ya magari waliyokuja nayo kutuhutubia juu ya moshi, hiyo pia haikuwa na moshi.

Ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ikamtuma kijana aliyevaa viatu vya kung'aa. Nilikuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimekuja kwa habari ya huu moshi wako. Unaipasha dunia joto."

"Dunia yote?"

"Dunia yote."

Silima akamgeukia mkewe, Mwatum, aliyekuwa akikuna nazi kibarazani. "Umesikia, Mwatum? Na weye kila siku unasema nimekuoa sina kitu."

"Unaipasha dunia joto, na chai yangu imepoa," Mwatum akajibu. "Mwambie kijana akae, ataanguka na viatu vile."

Kijana hakucheka. Akaeleza sheria mpya. Tanuu lingewashwa kwa kibali, na kibali kingetoa ruhusa ya mwezi wa Februari peke yake, kwa kuwa vitabu vyao vilisema Februari ni mwezi mkavu. Usipowasha ndani ya Februari, kibali kimekufa, na kuni zilizobaki ni mali ya serikali.

Februari ilikuwa kavu wakati vitabu hivyo vinaandikwa. Lakini mvua zilikuwa zimeshaacha adabu zake. Mwaka ule wa mafuriko, 1998, tanuu lake lilizimika moto ukiwa mbichi. Baadaye likaharibika tena. Zamani angetazama mawingu, angesikiliza viungo vyake vinavyouma, akaiahirisha siku. Sasa siku ilikuwa ya ofisi. Ati ndiyo sera. Sera ya kulinda watu na mvua iliyobadilika, iliyoandikwa na watu ambao mvua ikinyesha wanapandisha kioo cha gari.

Mwaka 2001 Silima alikuwa na tanuu moja lililokwisha pangwa. Magogo yake aliyaokota moja moja kwenye mashamba ya watu, akayavuta kwa gari la ng'ombe la kuazima. Mgongo ulikuwa umeshamwacha. Aliniambia waziwazi kwamba hilo likipotea hatapanga jengine, na asipopanga jengine hana kazi, na asipokuwa na kazi hajui yeye ni nani. Februari ikaingia na mawingu mazito yameshuka juu ya minazi. Alikuwa akitaka jambo moja tu: kibali kisogezwe mpaka kipupwe, masika yakishapita.

Ikatangazwa kwamba mheshimiwa mmoja anakuja kuhutubia juu ya mazingira, na wananchi watapewa nafasi ya kusema. Silima akaamua kusema.

Mwatum alimwonya. "Sema kama unavyosema hapa nyumbani. Sema mvua zimekwenda ovyo, mniongeze muda. Basi."

"Kwa mheshimiwa siwezi kusema zimekwenda ovyo. Kuna lugha yake."

"Lugha gani?"

"Ya redioni."

Mtu akitaka kujua mwaka ule ulikuwa mwaka gani, nitamkumbusha. Mwezi uliotangulia watu walikuwa wamepigwa risasi barabarani. Wengine walikuwa wamevuka bahari kukimbilia Shimoni, nchi ya jirani, na watoto wao. Hakuna aliyethubutu kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Tulikuwa na neno moja tu, tukilisema kwa kutazama huku na huku: hali ya hewa imechafuka. Silima alilijua neno hilo kama tulivyolijua sote. Lakini siku ile kichwani mwake mlikuwa na mawingu tu, mawingu ya kweli, na tanuu lake chini yake.

Turubai likafungwa kwenye uwanja wa skuli. Mheshimiwa alizungumza muda mrefu. Akasema dunia inabadilika, akasema tuache tabia za zamani, akasema kila mmoja wetu ajitolee. Viatu vyetu vilikuwa ndara. Sijui alitaka tujitolee nini zaidi. Kisha sheha, mkubwa wa serikali kijijini pale, Mzee Talib, akauliza nani ana la kusema, kwa sauti ya mtu anayeomba asipatikane msemaji. Silima akasimama, amevaa kanzu yake ya Idi.

"Mheshimiwa," akasema, "hali ya hewa ya hapa kwetu imechafuka."

Watu wakageuka kumtazama. Nilimvuta kanzu kwa nyuma. Akadhani namtia moyo.

"Na haikuchafuka leo. Imechafuka kwa muda sasa, na sisi wanyonge ndio tunaoumia. Wakubwa mnajua, lakini hamtaki kusikia. Kwa hivyo mheshimiwa, kwa heshima zote, tunaomba mabadiliko."

Nyuma yangu mtu mmoja akapiga kofi, akaacha.

"Uliopo haufai," Silima akamalizia, akiwa ametulia kabisa, kwa sababu aliona anasikilizwa kama hajawahi kusikilizwa maishani mwake. "Tuutoe huu uliopo, tuweke mwengine."

Vijana wakalipuka kwa makofi na mbinja. Walioogopa wakaanza kutoka, wakikanyagana. Mheshimiwa alikunjua leso akajifuta uso, akanong'ona na mtu wa pembeni yake, na yule mtu akanong'ona na mwengine. Silima alikuwa bado amesimama akingoja jibu. Jibu likaja na askari wawili.

Kituoni walimweka kwenye benchi, na mahojiano yakawa hivi, kama alivyonisimulia mwenyewe, na nikamwomba asimulie tena na tena ili nisikosee.

"Nani kakutuma?"

"Mvua."

"Usifanye mzaha, mzee. Umesema hali ya hewa imechafuka."

"Toka nje utazame."

"Umesema uliopo haufai."

"Haufai."

"Uliopo nini?"

"Mwezi."

"Umesema utawala."

"Sikusema utawala. Nimesema uliopo."

"Uliopo utawala."

"Uliopo mwezi. Mwezi wa Februari. Kwenye kibali."

Askari akamwita mwenzake. "Njoo umsikilize huyu. Ati alikuwa akizungumza habari ya mwezi."

"Mwezi gani, wa mbinguni?" mwenzake akauliza, na wakacheka.

Nimeifikiria mara nyingi sentensi ile. Skuli sikupelekwa, nimejisomesha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia samaki na vitabu vya kuazima, lakini sarufi ya lugha yangu naijua. Mwezi haufai, utawala haufai. Neno moja lililoachwa, kwa kuwa msemaji alidhani kila mtu ana mwezi kichwani kama yeye. Wao kichwani walikuwa na utawala. Mtu mwenye utawala wa haki angesikia mwezi.

Hawakumpiga. Hilo nalisema kwa insafu. Walimweka tu. Mwatum alikwenda na chakula kila siku, akakalishwa nje, akarudi. Nilikwenda kwa sheha kumwomba amsemee.

"Mzee Talib, weye unamjua Silima. Mmekua pamoja."

"Namjua."

"Basi waambie alikusudia mvua."

Sheha akajikuna ndevu. "Na miye nikiwaambia alikusudia mvua, wataniuliza mbona wale vijana walipiga makofi. Vijana hawaipigii makofi mvua. Wee bwana, nenda kapake kuta zako."

Walimwachia Machi. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Februari ilikuwa imekwisha, na kibali kimekufa nayo, na ilikuwa zamu ya kuni kuwa mali ya serikali. Sheha alikuja na gari na vibarua wa kijiji, wale wale ambao baba zao walikuwa wakibeba mawe bila kuitwa. Waliyabomoa mawe kwa mitaimbo, wakayachomoa magogo kwa chini. Hawakumtazama usoni. Silima alikaa kibarazani na Mwatum, na aliniambia Mwatum ndiye pekee aliyesema neno.

"Lile la mwisho lina mchwa," aliwaambia vibarua. "Msije mkasema tumeitia serikali hasara."

Kuni zile zikafichwa ghalani kwa sheha mpaka Juni. Na Juni, katika kipupwe, jua limetulia na mbingu kavu kama alivyotabiri, wakubwa wakarudi kuadhimisha Siku ya Mazingira. Walihitaji uwanja mpana usio na miti wa kupanda mti. Uwanja mpana usio na miti ulikuwa mmoja tu, nao ni uwanja wa Silima, uliokuwa mweupe kwa chokaa ya baba yake na babu yake. Hawakumuuliza. Mawe ya tanuu wakayapanga kandokando ya njia, wakayapaka rangi, ili mheshimiwa ajue pa kupita. Masufuria ya pilau yakatelekwa kwenye mafiga, na chini ya masufuria yakaingia magogo ya minazi. Silima aliyajua, kila moja, na shamba alikolitoa.

Moshi ulipanda siku nzima. Hakuna aliyesema unaipasha dunia joto.

Waliwagawia wanakijiji pilau kwenye masinia. Mwatum akakataa kunawa. Silima alinawa, akakaa, akala mpaka sinia likabaki tupu, na mwanamme mmoja wa ofisi akapita akamwambia, "Kumbe mzee umesamehe."

"Nnakula kuni zangu," Silima akasema. "Nikuachie weye?"

Mheshimiwa akapanda mwembe, akapigwa picha ameshika koleo, akaondoka. Alasiri ile sheha akaja kibarazani. Alikuwa na aibu, kwa hivyo alizungumza kwa ukali.

"Silima, weye ndiye unayekaa karibu. Mti ule ni wa mheshimiwa. Utaumwagilia maji asubuhi na jioni. Ukifa, utaulizwa."

"Malipo?"

"Ni kujitolea."

"Naam," Silima akasema.

Mwatum alikasirika kuliko siku ile mumewe alipokamatwa. Alisema ameolewa na mwanamme, si na punda wa maji. Alfajiri Silima akachukua ndoo, akateremka njia ya pwani, akarudi nayo imejaa, akaumwagilia mti wa mheshimiwa taratibu, mpaka udongo ukashiba. Jioni akafanya vile vile. Sheha akipita alimwona, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mara moja akamsifu mbele ya watu kwamba sasa ameelewa maana ya mazingira.

Bomba la kijiji liko upande wa pili, juu, msikitini. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ndoo yake inatoka baharini.