Saumu Hatoi Shikamoo

Enzi zetu watoto wa namna hii hawakuwepo. Ndivyo mlivyoandika juzi kwenye kundi letu la watsapu, sisi tuliosoma pamoja Kariakoo. Mmoja alianza, wengine mkaitikia. Eti mtoto asiyetazama watu usoni, asiyejibu akisalimiwa, anayeziba masikio kengele ikilia, huo ni ugonjwa wa siku hizi, umeletwa na katuni na chipsi. Eti enzi zetu fimbo mbili tu, mtoto ananyooka. Loo! Jamani, hawakuwepo? Mimi nimelala kitanda kimoja na mmoja wao miaka kumi na minne, ananivuta shuka usiku kucha. Na nyote mnamjua. Ni Saumu, mdogo wangu.

Msidhani sizipendi enzi zetu. Nazipenda kuliko nyie. Nakumbuka asubuhi tunavyotoka na kidumu cha maji mkono mmoja na ufagio wa chelewa mkono wa pili, soksi zimefungwa mpira wa madaftari zisishuke. Nakumbuka mchakamchaka, vumbi mpaka kwenye kope. Nakumbuka mihogo ya kukaanga ya pale getini, pilipili na chumvi kwenye kipande cha gazeti, na barafu za ukwaju zilizotufanya ndimi nyeusi mpaka mwalimu anajua nani katoroka kipindi. Rede tulicheza barabarani, tunakwepa mpira, mkokoteni ukija tunapisha, ukipita tunaendelea pale pale tulipoishia. Nani atanidanganya mimi kuhusu utamu huo?

Nyumba yetu ilikuwa Mtaa wa Mchikichi, vyumba sita, ukumbi katikati, bomba moja uani, choo kimoja, na foleni yake. Wazazi wetu walitoka Lindi. Baba alikuwa fundi magari kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, akirudi ananuka grisi hata akioga. Mama alikuwa na cherehani yake barazani, anawapindia watu khanga. Doti inatoka dukani ni kipande kimoja kirefu, Mama anakata katikati, anapinda, anakunja. Na kila khanga aliyoipitisha sindano alilisoma jina lake kwa sauti, yale maneno yaliyoandikwa chini, kisha anaguna au anacheka peke yake. Saumu alikuwa anakaa chini ya meza ya cherehani, karibu na pedeli. Hapo ndipo kwake. Mgeni akija hatoki, akiitwa haitiki, ukimvuta anapiga kelele mpaka mtaa wa pili.

Kusema alikuwa anasema. Kuzungumza ndiko kulikomshinda. Ukimuuliza "umekula?" ananyamaza, baadaye wewe umeshasahau, anakuja anakwambia kuna tofali la nane kutoka mlangoni lina ufa. Shikamoo hakutoa. Si kwa Baba, si kwa shehe, si kwa bibi yetu aliyesafiri siku mbili kutoka Lindi kuja kumwona. Na nyie mnajua mtoto asiyetoa shikamoo Kariakoo ile alikuwa anaitwaje. Mama yake ndiye aliyekuwa anatukanwa, mtoto ni kisingizio tu.

Mwaka aliotakiwa kuanza darasa la kwanza ndipo mambo yalipoharibika, tena kwa mpigo. Pale uani kulikuwa na Mama Zuhura wa chumba cha mbele na Bi Chiku wa chumba cha nyuma. Walikuwa hawaongei, kisa sikumbuki, nadhani ni kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi moja Mama Zuhura akatoka na khanga mpya, akaenda bombani, akarudi, akaenda tena. Wanawake wote wanafua, wote wameona, wote wameinamia mabeseni. Ndiyo desturi, si mnaijua? Khanga inasema, aliyeivaa hajasema kitu, na aliyesemwa anameza. Ukiitamka kwa mdomo umeuwasha moto.

Saumu akatoka chini ya cherehani, akasimama katikati ya uani, akasoma kwa sauti kavu kabisa: "Hasidi hana sababu." Kisha akaongeza, "Mama Zuhura amepita mara tatu. Bombani hakuteka maji. Alikuwa anamwonyesha Bi Chiku."

Yallah! Mabeseni yaliruka. Bi Chiku alimwaga ndoo nzima ya maji ya sabuni, Mama Zuhura akavuliwa kilemba, mimi nikapanda juu ya karo la kufulia ili nione vizuri. Katika vurugu zile hakuna mtu aliyeshtuka kwamba mtoto wa miaka saba, ambaye hajawahi kuingia darasani, amesoma khanga. Hata mimi sikushtuka.

Jioni wapangaji wakakaa kikao. Wale wawili waliokuwa hawaongei sasa walikuwa wamoja, ubaya wote wamembebesha Saumu. Wakasema mtoto huyu anawavunjia watu heshima, basi watu wakiwa uani awe anafungiwa chumbani. Wakamtajia Mama nyumba ambayo wanafanya hivyo hivyo, mtoto yupo ndani na hakuna anayesumbuka. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, hakukatiza mtu. Halafu akasema, "Mwanangu si kuku. Hafungiwi." Akainuka, akaenda kupika.

Nilidhani yamekwisha, kumbe shuleni nako kulikuwa kumechafuka. Siku ya kuandikishwa mwalimu mkuu alimwinamia Saumu, akamuuliza jina lake. Saumu akamwambia kifungo chake cha pili kimekatika. Shikamoo hakuna. Mwalimu mkuu akamrudishia Mama cheti cha kuzaliwa, akasema, "Mama, huyu hana adabu wala hana akili ya shule. Mlete Jumatatu, akinipa shikamoo nampokea. Asiponipa, usinisumbue tena." Jumatatu ile ndiyo ilikuwa maisha ya Saumu yote. Akikataliwa shule, kile chumba kilikuwa kinamsubiri, na hata Mama asingeweza kubishana na uani mzima kila siku mpaka anakufa.

Siku tatu Baba alimfundisha. "Sema shikamoo. Sema." Saumu akaziba masikio. Baba akainua mkono, na Mama akaushika ule mkono hewani. Sikuwahi kumwona Mama akimshika Baba mkono kabla ya hapo. Akamwambia, "Mume wangu, umempiga mwaka mzima. Amekuamkia?" Baba akatoka nje, akaenda kukaa barazani, na naapa alikuwa analia.

Jumatatu Mama alivaa doti aliyoitunza ya Idi, imeandikwa "Nilijua mtasema." Aliichagua makusudi, asiniambie mtu. Akatembea nayo mtaa mzima, mimi nyuma na Saumu, aibu imenijaa. Tulipofika mwalimu mkuu alikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza, Mwalimu Rehema, mwanamke mfupi mwenye mikono myeupe kwa chaki. Wakamsubiri Saumu. Mwalimu mkuu akaanza kutikisa kichwa.

Mama akasema, "Saumu. Soma."

Saumu hakuwatazama. Alitazama khanga ya Mama, akasoma, "Nilijua mtasema." Akahamia ukutani, akasoma ratiba ya zamu za walimu yote, akasoma tangazo la chanjo, akasoma mpaka maneno madogo kwenye boksi la chaki. Mwalimu mkuu akaacha kutikisa kichwa. Mwalimu Rehema akachukua kipande cha chaki, akamwekea Saumu mkononi bila kumshika, akamwonyesha ubao. Akamwambia taratibu, "Mwenzangu, kama mdomo hautaki, niandikie."

Saumu akaandika SHIKAMOO. Herufi kubwa, zimelala chini kama jina la khanga. Mwalimu Rehema akachukua chaki nyingine, akaandika chini yake MARAHABA. Mama alikaa sakafuni pale pale, na khanga yake ya Idi.

Basi kuanzia hapo ikawa hivyo. Darasa lao zima wanasimama wanapiga kelele "Shikamoo mwalimu", Saumu anaandika yake pembeni ya ubao na kurudi kwenye dawati lake, lile lile kila siku, la dirishani. Kengele ikikaribia Mwalimu Rehema anamwonyesha kidole kimoja, ajue, azibe masikio mapema. Nyumbani Mama alimwambia kila asubuhi mambo matatu ya siku hiyo, kwa mpangilio, na likibadilika moja anamwambia kabla. Alimfundisha pia sheria ya khanga: soma moyoni, swali niletee mimi. Ilichukua miaka miwili na ugomvi mwingine mmoja. Na kwenye rede, nyie wenyewe ndio mliomfanya mwamuzi, kwa sababu alikumbuka nani kapigwa na mpira na hajui kupendelea. Mlikuwa mnamwita mkigombana! Leo mmemsahau?

Na mimi nisijifanye malaika. Nilipokuwa darasa la tano alikuja msichana mgeni, mzuri, ana begi la mgongoni, kila mtu anataka urafiki naye. Akaniuliza, "Yule anayetikisa mikono ni ndugu yako?" Nikasema, "Hapana, anakaa tu nyumba yetu." Saumu alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Jioni akamwambia Mama, bila kuchukia, anavyosema kwamba mvua imenyesha: "Dada amesema mimi nakaa tu nyumba yao." Nilingoja kipigo, hakikuja. Mama alisimamisha cherehani, akanitazama, akasema, "Wewe umepewa mdomo mzima. Ukautumia hivyo." Ningepewa fimbo ishirini ningekuwa nimeshazisahau.

Leo nyumba ile haipo. Ni ghorofa, na uani pale palipokuwa na bomba ni stoo ya maboksi ya viatu. Mama na Baba wametangulia. Siku hizi hali hii ina jina la kitaalamu, na wapo walimu waliosomea. Mjukuu wa jirani yangu, naye ni kama Saumu, ana kadi za picha za kuonyesha anachotaka kusema: choo, maji, nimechoka, sitaki. Nilipoziona nilicheka nikalia, maana Mama yangu alizitafuta hizo gizani, peke yake, kwa vitambaa vyake tu. Hayo nayakubali, siku hizi wametushinda. Ila na vijana wetu nao! Watano sebuleni, kila mmoja kainamia simu yake, ukiingia shikamoo yenyewe unatumiwa kidole gumba. Hao hakuna anayewaita wagonjwa. Naukumbuka ule uani, na kelele zake na umbea wake, kwa sababu angalau ulilazimika kumwona Saumu kila siku, upende usipende. Ghorofani mlango ukifungwa umefungwa.

Kwa hiyo msiniambie hawakuwepo. Walikuwepo, kila mtaa. Hamkuwaona kwa sababu mama zao walishindwa kubishana na kikao, wakawafungia, na mimi na nyie tulikuwa tunacheza rede nje ya madirisha yao.

Na wewe uliyeniandikia pembeni kuhusu kukutana kwetu Jumamosi pale Mnazi Mmoja, ukaniambia kwa upole kwamba Saumu nimwache apumzike, watu watakuwa wengi. Nimeusoma ujumbe wako. Nimemsomea na yeye, maana simfichi kitu. Ameuliza ni saa ngapi na viti vimepangwaje, nimemwambia saa tisa. Ameshapiga pasi gauni lake. Atakuja, hatakupa mkono, hatakupa shikamoo wala mambo, na atakaa mstari wa mbele, karibu na mimi. Mtu akiniuliza yule ni nani, nitamjibu kwa sauti, mpaka Gerezani wasikie: ni mdogo wangu.